Amelazwa siku nne, anaandikaje "mimi ni mzima wa afya"?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili wanafunzi wa miaka 13 na 14. Juzi niliwapa kazi ya kumwandikia barua ya kirafiki mwenzao wa shule nyingine, wamweleze maisha ya shuleni na hali zao za afya. Mmoja alianza hivi: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Aya ya pili akaeleza kwamba alilazwa siku nne kwa kuhara na mpaka sasa "tumbo inaniuma". Nilimkata alama mbili kwa kujipinga na moja kwa sarufi. Mwalimu mwenzangu anasema nimemwonea, kwani mwanzo huo ndio tunaowafundisha wenyewe. Pia tunabishana kuhusu "naumwa kichwa", "naumwa na kichwa" na "kichwa kinaniuma". Ipi ni sahihi? Mwisho, barua yenyewe inagusa sana, natamani kuibandika ukutani iwe mfano. Unasemaje?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Alama ya sarufi ulikata kwa haki. Zile mbili mrudishie. Mtoto amejipinga kweli, lakini ametii alichofundishwa, na mwenzako yuko sawa kukukumbusha hilo.

Mwanzo ule haukuwa pambo tangu awali. Barua ilikuwa ikisafiri majuma kadhaa, na aliyeifungua alitaka kujua jambo moja kabla ya yote: aliyeniandikia yu hai, yu mzima? Ndiyo maana barua za Kiswahili za zamani zilitanguliza salamu na hali, kisha ndipo likaja "ama baada ya salamu" la kufungulia habari. Hata salamu yetu ya kila siku inauliza hali ya mtu. Hujambo maana yake huna jambo, yaani hakuna linalokusibu. Nasi husema "mgonjwa leo hajambo" tukimaanisha amepata nafuu, na watu wa mwambao wakisema "siwezi" bila kuongeza neno, wanasema wanaumwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "sijambo" ameshaanza kuzungumzia afya yake, ila hakuna aliyemwambia. Sisi tumempa mstari wa kukariri, naye ameupachika juu ya barua kama kibandiko.

"Mzima wa afya" ni Kiswahili safi, na "buheri wa afya" pia. Mfundishe tu kwamba ni taarifa, nayo lazima iwe ya kweli siku anayoiandika. Kama bado anaumwa, aseme hivyo hapo hapo mwanzoni: "Sijawa mzima sana, lakini leo nimeamka na nafuu." Msomaji akifika hapo hawezi kuiweka barua chini.

Kuna chombo kingine cha kuondoa mgongano huo, nacho ni viambishi vya wakati. "Nilishikwa na mafua" inaweza kuwa habari iliyokwisha, mtu akawa ameshapona. "Nimeshikwa na mafua" ina maana mafua bado anayo. Wanafunzi huchanganya -li- na -me- katika insha nyingi bila madhara makubwa, lakini kwenye habari za ugonjwa kiambishi kimoja ndicho kinachomfanya rafiki ahangaike au atulie. Mwanafunzi wako angeandika "niliugua, nikalazwa siku nne, sasa sijambo ila tumbo bado linaniuma kidogo", hakuna ambaye angemwona amejipinga.

Sasa ugomvi wenu wa kichwa. Katika "kichwa kinaniuma", kiungo ndicho kinachotenda na mtu ndiye anayetendwa. Sentensi hii haina mgogoro popote, na ndiyo ninayowaanzishia wanafunzi. "Naumwa na kichwa" ni sentensi ile ile iliyogeuzwa katika kauli ya kutendwa, na "na" inamtaja mtenda, sawa na "nimeumwa na nyuki". Anayeikataa ana hoja ya ladha, hana hoja ya sarufi. "Naumwa kichwa" inataja kiungo mara tu baada ya kitenzi bila "na", muundo unaofanana na "ameng'olewa jino". Watu wazima waliozaliwa katika lugha hii wanaisema kila siku. Zote tatu mpe alama. Kinachotakiwa ni kuangalia mwanafunzi asiwe amekwama kwenye moja tu barua nzima.

Hiyo "tumbo inaniuma" ndiyo ya kuifanyia kazi, na hapa barua ya afya inakupa somo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Viungo vya mwili vimetawanyika katika ngeli nyingi. Kichwa kinaniuma, KI-VI. Tumbo, jino, sikio, goti na bega vinakwenda na LI-YA: jino linaniuma, meno yananiuma. Mkono, mguu na mgongo ni U-I: mgongo unaniuma, miguu inaniuma. Ubavu na ulimi ni U-ZI: ubavu unanichoma, mbavu zinanichoma. Ngozi na pua ni I-ZI: ngozi inaniwasha, pua inatiririka. Mimi huwaambia wasimame, waguse kiungo kimoja kimoja kuanzia kichwani hadi kidole cha mguu, na kila mmoja alalamike kwa sentensi kamili. Katika dakika kumi darasa limepita ngeli tano kwa miili yao wenyewe. Zingatia pia vitenzi: si kila kiungo kinauma tu. Koo linakereketa, macho yanawasha, kifua kinabana, kidonda kinafukuta. Mtoto mwenye vitenzi hivi ataeleweka hata mbele ya daktari.

Neno la kuchunga zaidi ni "homa". Wengi huliandika kwa kila kitu, pamoja na chafya na kamasi. Homa ni joto la mwili kupanda, kwa kawaida kufika nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, nayo ni dalili ya maradhi mengi. Mafua ni kamasi, chafya na koo kukereketa, na mtu anaweza kuwa na mafua bila homa yoyote. Kinyume chake, usiwakataze "presha" na "sukari" wanapomtaja bibi au babu. Katika barua rasmi ningetaka shinikizo la damu na kisukari, lakini kwa rafiki, "bibi ana presha" ndilo neno la nyumbani na linakaa vizuri.

Umeniuliza kuhusu sarufi na alama, lakini siwezi kuacha hili. Barua ya kirafiki mara nyingi huishia kwenye ushauri, na ushauri wa afya ukikosewa kiasi unaweza kumdhuru mtu. Niliwahi kusahihisha barua ambamo mwanafunzi alimwelekeza rafikiye namna ya kutengeneza maji ya mtu anayeharisha, akaandika vijiko sita vya chumvi na nusu kijiko cha sukari. Lugha ilikuwa safi, na ningeweza kumpa alama zote nikageuza ukurasa. Kipimo sahihi ni kinyume: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visijae kilima. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mgonjwa, hasa mtoto mdogo. Tangu siku hiyo, nikiona tarakimu kwenye barua ya afya naikagua kabla sijakagua herufi. Vivyo hivyo kwa "nakutumia vidonge vilivyobaki, na wewe umeze". Mafua husababishwa na virusi, na antibayotiki haziui virusi. Tena dawa aliyoandikiwa mtu mmoja haifai kugawiwa mwingine. Mwandike pembeni kwa wino mwekundu, kisha mwite mzungumze.

Kuhusu umbo sina mengi. Anwani ni moja tu, ya mwandishi, juu upande wa kulia, na tarehe chini yake. Kichwa cha habari hakiwekwi. "Madhumuni ya barua hii ni" iachiwe barua rasmi, maana rafiki hatangaziwi madhumuni, anasimuliwa. Rafiki wa rika lake hamwamkii shikamoo, ila ni adabu nzuri amwombe awafikishie wazazi wake shikamoo zake.

Jambo moja katika maelekezo yako ningelibadili. Uliwaambia waeleze maisha ya shuleni na hali zao za afya, nao bila shaka wakaandika aya moja ya ratiba na aya moja ya magonjwa. Waombe siku nyingine wasimulie siku moja tu, tangu kuamka hadi kulala. Mtoto akiandika "tunalala saa tano usiku, kengele inagongwa saa kumi alfajiri", amesema analala kwa muda wa saa tano tu, ilhali kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Hakutaja neno afya hata mara moja, na amekueleza kwa nini kichwa kinamuuma kipindi cha hesabu. Wako watakaoeleza foleni ya bombani, dirisha lisilofunguka bwenini, ubao wanaoshindwa kuusoma kutoka dawati la nyuma. Huyo wa dawati la nyuma usimwache hivi hivi. Msogeze mbele, kisha uwaambie wazazi apimwe macho.

Mwanafunzi wako anaweza kuanza upya namna hii:

"Rafiki yangu mpendwa, hujambo? Mimi leo ndiyo naanza kusema sijambo. Wiki iliyopita tumbo liliniuma usiku kucha, nikaharisha mpaka miguu ikaisha nguvu, wakanipeleka hospitali nikalazwa siku nne. Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha, na kila jioni nilisikia watoto wakitoka shule nikakukumbuka. Sasa nimerudi darasani. Tumbo bado linaniuma kidogo, lakini nakula."

Rafiki atakayeijibu naye apewe maneno ya kujibia: pole, ugua pole, nafurahi umepata afueni, Mungu akuzidishie nafuu. Hayo ni nusu ya somo na mara nyingi tunayasahau, kwa sababu tunawafundisha kuandika barua na hatuwafundishi kuzijibu.

Ama ukuta, hapana, si kabla ya kumuuliza. Kuhara siku nne ni habari aliyomwambia rafiki mmoja, hakuliambia darasa zima. Wasichana wengine huandika kuhusu hedhi, wengine kuhusu maradhi ya mzazi, kwa kuwa waliamini barua ni barua. Muulize mkiwa wawili, bila wenzake kusikia, na umpe nafasi ya kufuta anachotaka kufuta. Akikataa, iwekee ukuta barua uliyoitunga wewe, na yake mrudishie ndani ya bahasha.