Maswali ya Wasomaji: Nataka Kutengeneza Viumbe vya Filamu

SWALI: Shikamoo, Mwandishi. Mimi ni binti wa Ujiji, Kigoma, na nimemaliza kidato cha nne. Tangu nikiwa shuleni nafinyanga vichwa vya majitu, na natamani kazi ya mekapu ya filamu, ile ya majeraha na viumbe. Baba anasema huo ni mchezo usiomfaa mtu yeyote. Nianzie wapi, na nimjibu nini?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na la baba, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi. John Chambers, Mmarekani aliyepewa Oscar ya heshima kwa nyuso za sokwe alizowavalisha waigizaji wa Planet of the Apes ya mwaka 1968, hakuanzia kwenye filamu. Kabla ya hapo alikuwa akiwatengenezea viungo bandia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na ujuzi wa kumrudishia mtu uso wake ndio alioupeleka studio. Hata leo majeraha ya bandia hutumika kuwafundishia wauguzi na watoa huduma ya kwanza, ili mtu asiuone mfupa uliotokeza kwa mara ya kwanza akiwa mbele ya majeruhi halisi. Mweleze baba hayo kwa adabu, naye ayapime.

Kuhusu kuanza, nakushauri uiache damu kwa sasa, ushike udongo. Vijana wengi hukimbilia damu kwa kuwa matokeo yake huonekana upesi, lakini mtazamaji humwamini kiumbe pale tu mwili wake unapoonekana kuwa ungeweza kuishi: taya lina msuli wa kulifunga, na ngozi inajikunja pale kiungo kinapopinda. Rick Baker, mshindi wa Oscar saba za mekapu, aliwachunguza gorila kwa miaka mingi. Wewe uko karibu na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, na boti za kwenda huko huondokea Kibirizi. Ukijaliwa kufika, au hata kwa picha tu, tazama jinsi mfupa wa nyusi za sokwe unavyolitia jicho kivuli na jinsi mdomo wake wa juu unavyorefuka, kisha ufinyange ulichokiona, ubomoe, ufinyange tena.

Baadaye utajifunza hatua za kazi yenyewe. Uso wa mwigizaji hupakwa alginati, ule unga unaokorogwa na maji ambao madaktari wa meno hutumia kuchukua umbo la meno, na kutokana na kalibu hiyo hupatikana kichwa cha plasta, yaani jipsamu. Juu yake unafinyanga sura mpya kwa udongo, unaitolea kalibu nyingine, kisha nafasi iliyokuwa ya udongo inajazwa povu la mpira au silikoni. Dick Smith, fundi mekapu wa filamu wa Marekani, alionyesha faida ya kuigawa sura katika vipande vinavyopandiana, badala ya kinyago kimoja, ili mwigizaji aweze kutabasamu au kununa. Kingo za kila kipande ziwe nyembamba kiasi cha kupotelea kwenye ngozi, kwani hapo ndipo kazi mbovu hujulikana.

Nakusihi jambo moja: usizamishe kamwe mkono wala uso wa mtu ndani ya jipsamu. Ikiganda hupata joto linaloweza kufika nyuzi 60, na mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa Uingereza alipoteza vidole vyake vingi kwa njia hiyo.

Ukipata uwezo, ulizia mafunzo ya TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hata ukiingilia uigizaji, utakutana na watu watakaohitaji mikono yako.

SWALI: Mwandishi, jeraha la jelatini (ile inayogandisha jeli) nililombandika mwigizaji liliyeyuka tulipokuwa tukirekodi adhuhuri. Nifanyeje?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu yangu, jelatini hulainika katika joto linalokaribia la mwili, na jasho huimaliza. Punguza maji, ongeza gliserini kidogo, safisha ngozi kwa spiriti kabla ya kubandika, na picha za karibu zipigwe asubuhi. Kwa kazi ya jua kali hakuna hila itakayokuokoa; tafuta silikoni. Wakati wa kulitoa jeraha, lilainishe kwa maji ya uvuguvugu, usilibandue kwa nguvu.