Chujio la kisafisha hewa: lipi lioshwe, lipi lisiguswe na maji

Dada yangu, umeeleza kwamba unaishi Tabata kando ya barabara ya vumbi, kwamba kisafisha hewa chako kimeanza kuvuma huku kikitoa upepo hafifu, na umeuliza kama machujio yake yote yanaweza kuoshwa kwa sabuni. Hapana, si yote. Wavu wa nje, unaonasa nywele na nyuzi za nguo, ndio unaosafishika: zima mashine, chomoa plagi, ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha, iwapo kijitabu cha maelekezo kinaruhusu, uusuuze na kuuanika kivulini mpaka ukauke kabisa, jambo ambalo wakati wa masika huhitaji subira, kwa kuwa ukiurudisha ungali na unyevu utaota ukungu.

Chujio la hepa, lile jeupe lenye marinda kama sketi ya shule, limeundwa kunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na maji huharibu nyuzi zake hata kama kwa macho litaonekana limetakata. Usilioshe, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba linaoshwa. La kaboni, linaloondoa harufu, nalo hubadilishwa tu.

Kwa kubadilisha chujio la hepa, watengenezaji wengi hutaja miezi 6 hadi 12, lakini kwa vumbi la huko kwenu ningeamini rangi kuliko kalenda: marinda yakishakuwa ya kijivu hadi ndani, nunua jipya linalolingana na modeli yako. Taa ya onyo la kubadilisha chujio, kwenye mashine nyingi, huhesabu saa za kazi tu, haipimi uchafu.