Herufi za jezi ya mtaa: jaribu League Gothic

Ndugu yangu, umeuliza fonti gani nene, nyembamba kwa upana, yenye sura ya michezo ya zamani, itatosha kuandika CHIKONGOLA mgongoni. Chukua League Gothic. Ni ya bure, na imetokana na fonti ya Alternate Gothic ya mbunifu wa herufi Morris Fuller Benton, iliyotoka Marekani mwaka 1903, kwa hiyo uzee wake ni wa kweli.

Jina lako lina herufi kumi. Fonti pana italisukuma hadi kwapani, au fundi atalipunguza urefu na jukwaani kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, halitasomeka.

Ila usibananishe herufi. Ongeza nafasi kidogo kati yake, maana jezi hukunjamana mchezaji anapokimbia. Angalia pia matundu ya A, R na 8: wino ukiwa mwingi huziba, na 8 inabaki doa tu. Mimi ningeacha kabisa ile michirizi ya kuchakaza, inayofanya herufi zionekane kuukuu. Mashine ya kukata stika inaihangaikia na vipande vinabanduka mapema.

Kabla ya kulipa, chapa jina kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, libandike kwenye jezi, kisha mtu alisome akiwa katikati ya uwanja.