Mguu Penye Utelezi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lauliza ni mahubiri gani ya kale ambayo hata leo humkosesha msomaji usingizi, na kwa nini. Mimi nataja yale ya mchungaji Jonathan Edwards, "Wenye Dhambi Mikononi mwa Mungu Mwenye Hasira", yaliyotolewa Enfield, New England, eneo la makoloni ya Kiingereza huko Amerika, tarehe 8 Julai 1741.

Wengi hukumbuka moto, na buibui anayening'inizwa juu yake. Lakini jehanamu imehubiriwa na watu wengi mno ambao hakuna awakumbukaye. Edwards alianzia miguuni. Andiko lake ni Kumbukumbu la Torati 32:35, "wakati itakapoteleza miguu yao", na humo akachimba jambo moja: aliyesimama penye utelezi hana haja ya kusukumwa. Uzito wake mwenyewe utamwangusha. Afya yako, akili zako, tahadhari zako, vyote havikushikilii. Umelala jana ukaamka leo kwa kuwa mkono wa Mungu haujakuachia, basi, na Mungu huyo ndiye uliyemkasirisha. Ondoa moto wote, hofu hiyo itabaki, hata kwa asiyeamini jehanamu. Aliyewahi kusubiri majibu ya vipimo hospitalini anaijua.

Tena haikuhitaji kelele. Edwards alizoea kuhubiri kwa sauti tulivu, karatasi mbele yake, bila kurusharusha mikono. Mchungaji Stephen Williams, aliyekuwapo Enfield siku hiyo, aliandika katika shajara yake kwamba watu walilia na kupiga mayowe wakiuliza wafanye nini wapate kuokoka, hata mhubiri akalazimika kukatiza maneno yake. (Wahubiri wetu wa vipaza sauti wangeisoma shajara hiyo!) Nadhani kilichowavunja ni pale alipoacha kusema habari za Waisraeli wa kale akawageukia wao: ninyi mlioketi humu kanisani, wazima, mmetulia. Walevi na wapagani wa nje hawakuwa hoja yake siku ile.

Kuna linalonisumbua, nalo ni sehemu ya jibu langu. Mwaka 1731, huko Newport, Edwards alinunua msichana mtumwa aliyeitwa Venus, wa umri wa miaka kama 14, na aliendelea kumiliki watumwa. Mtu aliyeona utelezi chini ya kila mguu hakuuona hapo aliposimama mwenyewe. Wapo wanaosema hilo linayafuta mahubiri yake. Mimi naona yanamshika na yeye, kwa maneno yale yale aliyowaambia wengine: mtu wa kanisani, mzima, ametulia.

Waumini wake wa Northampton walimwondoa uchungaji mwaka 1750. Ugomvi ulikuwa ni nani anastahili kushiriki Meza ya Bwana. Suala la watumwa halikuwamo.

Msomaji wenu,
Morogoro