Nadharia za uhalifu kwenye usaili: zitafutie kesi mtaani kwako

Wadogo zangu wa Mbeya na Iringa mnaoitwa kwenye usaili wa kuandika wa maafisa uangalizi, ustawi wa jamii na kada nyingine zinazoshughulika na wahalifu, kila msimu mnaniuliza desa gani la kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, ni zuri. Madesa yapo tele na yanafanana, ni wananadharia na miaka ya maandishi yao: Beccaria 1764, Lombroso 1876, Merton 1938, basi. Swali likikutaka ueleze tukio kwa nadharia, unabaki na majina na miaka mkononi.

Mimi nadharia nilizisoma kwa kuzipeleka shambani na sokoni. Chukua Cohen na Felson, 1979. Wanasema uhalifu hutokea vitu vitatu vikikutana mahali pamoja, wakati mmoja: mtu mwenye nia, kitu cha kuchukuliwa, na kukosekana kwa mlinzi. Sasa nenda Rungwe msimu wa parachichi. Tunda lina bei, liko mtini usiku kucha, na nyumba ya mwenye shamba iko ng'ambo ya kilima. Kama kijana aliyepita na kiroba ana roho mbaya au la, nadharia hii haishughuliki nalo. Ndiyo maana tiba yake ni mlinzi, na majirani kupeana zamu. Halafu mchukue kijana yuleyule umkabidhi kwa Merton: kaaminishwa kwamba mtu aliyefanikiwa ana pikipiki na nyumba ya bati la msauzi, lakini njia halali ya kuvipata haioni. Hapo mlinzi hatoshi. Unaanza kuzungumzia ajira, mitaji, ufundi. Tukio ni moja, tiba mbili, na msahihishaji anaona umeelewa.

Lombroso, aliyedai mhalifu huzaliwa mhalifu na hutambulika kwa maumbile yake, msome haraka, ujue kwa nini alikataliwa, upite.

Sheria usibahatishe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 15: mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kijinai, chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba aliweza kujua hapaswi kufanya alichofanya. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Anapelekwa wapi basi? Shule ya Maadilisho Irambo, ya kurekebisha watoto waliotenda makosa, iko hapahapa Mbeya, na mtu wa huku akijibu swali la watoto wanaokinzana na sheria bila kuitaja, nitamshangaa.

Kwenye kikundi jadilini kwa Kiswahili mpaka kila mtu aelewe, kisha kila mmoja aandike jibu lake kwa Kiingereza huku saa inahesabu. Kubishana mnaweza mpaka usiku. Kuandika ndiko kunakotaka mazoezi.

Na vyeti bebeni halisi. Hati ya matokeo haitakusaidia mlangoni, na kama majina yanatofautiana kati ya cheti na kitambulisho, anza kulishughulikia leo, usingoje tangazo la kuitwa.