Wasomaji Wanauliza: Data na modeli za vita vya waasi, tuzipimeje?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: utajuaje kama takwimu za vita vya msituni, na modeli zinazojengwa juu yake, zinastahili kuaminiwa? Tumechagua tano na kuzifupisha.

SWALI: Shikamooni wahariri. Tasnifu yangu inahusu mashambulizi ya waasi wa ADF katika Ituri na Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Nimepakua data za ACLED na za UCDP, hifadhidata mbili za matukio ya vita. Mwezi uleule, eneo lilelile, lakini idadi ya matukio na ya vifo hazilingani hata kidogo. Nishike ipi?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma*

JIBU: Marahaba. Usishike yoyote kabla hujasoma mwongozo wa kila moja, maana hazihesabu kitu kimoja. UCDP, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Uppsala, huandika tukio pale tu alipokufa angalau mtu mmoja, na huweka makadirio matatu ya vifo: ya chini, bora na ya juu. ACLED huandika hata yasiyo na kifo: utekaji, uporaji, maandamano. Kwa hiyo anza kwa kuchuja ACLED ibaki na matukio yenye vifo peke yake. Ukiruka hatua hii, yote yanayofuata ni kazi bure.

Kisha chukua miezi miwili au mitatu, matukio kama 100, uyaoanishe kwa mkono. Kanuni ya kuanzia: washambuliaji walewale, tofauti ya tarehe isizidi siku mbili, umbali usizidi kilomita 25. Utapata mafungu matatu: yaliyomo kote kuwili, ya ACLED tu, ya UCDP tu. Soma maelezo ya kila tukio lililokosa mwenzake.

Sababu utakazozikuta hujirudia. Ya kwanza ni usiku. Redio ikisema kijiji kilivamiwa usiku wa kuamkia Jumanne, mmoja ataandika Jumatatu na mwingine Jumanne, na mara nyingine tukio moja huingia mara mbili ndani ya hifadhidata moja kwa tarehe zote mbili. Ya pili ni msururu: vijiji vitatu vikishambuliwa usiku mmoja, huyu ataandika tukio moja na yule matatu. Ya tatu, na ndiyo inayoharibu ramani nyingi, ni mahali. Beni ni jina la mji na pia la teritori nzima. Mambasa vivyo hivyo. Ripoti isipotaja kijiji, alama huwekwa katikati ya eneo au kwenye makao yake makuu. Hesabu ni mistari mingapi yenye latitudo na longitudo zilezile hadi desimali ya mwisho, halafu tazama safu ya usahihi wa mahali. Katika UCDP, 1 ni mahali hasa, 2 ni ndani ya kama kilomita 25, 3 ni ngazi ya wilaya, 4 ni ngazi ya mkoa. Kama unachambua kijiji kwa kijiji, tukio lenye alama 4 halina kazi kwako. Kwa uchambuzi wa mkoa mzima linafaa kabisa, usilitupe.

Chora pia mgawanyo wa idadi ya vifo. Ukiona rundo kwenye 10, 12 au 100, ujue nyingi kati ya hizo ni maneno kama "kadhaa" au "mamia" yaliyogeuzwa namba. Na yale yaliyofanywa na "watu wenye silaha wasiojulikana" wakapewa ADF kwa kudhaniwa, yatie alama yake, uendeshe uchambuzi mara mbili: pamoja nayo na bila yake. Fanya hivyo pia kwa vifo vya chini na vya juu. Matokeo yakigeuka, hilo lenyewe ni la kuandikwa kwenye tasnifu.

Kama unaongeza data zako mwenyewe, watu wawili waweke matukio 50 yaleyale bila kuonana, kisha pima makubaliano yao kwa kipimo kiitwacho kappa ya Cohen, ambacho 1 ni makubaliano kamili. Ikiwa chini ya 0.6, kwa kawaida kasoro iko kwenye mwongozo wako. Uandike upya kabla ya kuendelea.

SWALI: Ramani yetu inaonyesha kwamba kila minara ya simu inapojengwa, mashambulizi yanaongezeka. Mkuu wangu anataka tuandike kwamba simu zinawasaidia waasi kujipanga. Nina wasiwasi. Je, si kwamba habari tu ndizo zinafika zaidi?
*Mtafiti, Bukavu*

JIBU: Wasiwasi wako una msingi. Mtafiti Nils Weidmann alilinganisha matukio ya Afghanistan yaliyotoka kwenye vyombo vya habari na kumbukumbu za jeshi la Marekani, akaonyesha kwamba palipo na mtandao wa simu tukio lina nafasi kubwa zaidi ya kuripotiwa. Kipimo alichokipendekeza unaweza kukifanya leo. Endesha modeli yako kwa matukio yote, kisha kwa yenye vifo 2 au zaidi, kisha 5, kisha 10. Mauaji makubwa hujulikana hata pasipo mnara. Athari ya minara ikiendelea kupungua kadiri unavyopandisha kiwango, ulichokuwa unakipima ni habari zaidi kuliko vita.

Angalia vilevile kama waripoti wenyewe wamebadilika katikati ya kipindi. Mwaka 2013 majeshi ya NATO nchini Afghanistan yalilazimika kufuta taarifa kwamba mashambulizi ya Taliban yalishuka kwa asilimia 7 mwaka 2012; ripoti za vikosi vya Afghanistan hazikuwa zimeingizwa zote, na hesabu iliporekebishwa upungufu ulitoweka.

Unataka kukadiria yasiyoripotiwa? Tumia orodha mbili. Tuseme ya redio ina matukio 120, ya asasi za kiraia 90, na 60 yamo katika zote. Zidisha 120 kwa 90, gawa kwa 60: unapata 180. Matukio mnayoyajua ni 150, hivyo kama 30 hayamo popote. Lakini hesabu hii hudai orodha zisitegemeane. Asasi ikiwa inachukua habari zake kutoka redio hiyohiyo, yanayofanana yatakuwa mengi kupita kiasi na makadirio yatashuka chini ya ukweli. Ndiyo maana wataalamu hutaka orodha tatu au zaidi. Na hata hapo mabishano hayaishi. Tume ya Ukweli ya Peru mwaka 2003 ilikuwa na majina ya waliokufa au kutoweka 23,969, ikakadiria jumla ya 69,280. Mwaka 2019 mtafiti Silvio Rendon alikokotoa upya akapata karibu 48,000. Toa makadirio pamoja na mipaka yake ya juu na chini, na kamwe usitoe namba moja iliyosimama peke yake.

SWALI: Modeli yangu inatabiri mashambulizi ya mwezi ujao kwa usahihi wa asilimia 97. Naweza kuipeleka kwa wateja?
*Mtengenezaji programu, Kampala*

JIBU: Bado. Tuseme majaribio yako yana seli-miezi 10,000, yaani kila kipande cha ramani (seli) kwa kila mwezi, na mashambulizi yalitokea katika 300. Mtu akiandika "hakuna" kila mahali, naye amepata asilimia 97 bila kompyuta. Achana na namba hiyo, uliza mawili: kati ya 300, umenasa ngapi? Na kati ya tahadhari ulizotoa, ngapi zilikuwa za kweli? Ukitoa tahadhari 500 na 150 zikatimia, umenasa nusu, na tahadhari saba katika kila kumi ni za uongo. Sasa linganisha na kanuni ya bure: palipopigwa mwezi uliopita patapigwa mwezi ujao. Kama kanuni hiyo inanasa 140 kwa idadi ileile ya tahadhari, mashine yako yote imeongeza 10.

Umegawaje data? Kama umechanganya miezi yote ukachota asilimia 20 kwa bahati nasibu, modeli imeshaona Machi na Mei, na unaipima kwa Aprili. Gawa kwa wakati: fundisha hadi Desemba 2021, rekebisha kwa 2022, na 2023 usiiguse hadi siku ya mtihani. Kisha ondoa mkoa mmoja mzima uone kama bado inafanya kazi huko.

Kuna uvujaji ambao wengi hawauoni. Hifadhidata za matukio hurekebishwa nyuma. Tukio la Januari laweza kuingizwa Aprili. Ukifundisha kwa data za leo, unaipa modeli habari ambazo mtabiri wa Januari asingekuwa nazo. Hifadhi nakala yenye tarehe kila unapopakua.

Mwisho, seli. Zile za nusu digrii zinazotumiwa na wengi zina upana wa kama kilomita 55 karibu na ikweta. Butembo na sehemu kubwa ya mji wa Beni zinaangukia katika seli moja. Mteja anayetaka kujua barabara ipi apite hatasaidika hapo, hata ukitabiri sawasawa.

SWALI: Tulifundishwa kwamba kuzima uasi kunahitaji askari 20 kwa kila raia 1,000. Kanuni hii imethibitishwa?
*Ofisa mstaafu, Arusha*

JIBU: Afande, imo katika mwongozo wa jeshi la Marekani wa 2006, lakini ni kadirio la uzoefu tu. Mtihani wake wa kwanza ni kigawanyo, yaani idadi ya raia. Kwa mfano, sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984. Askari 10,000 kwa watu 500,000 ni 20 kwa 1,000. Watu hao wakiwa kweli 800,000, ni 12.5. Kisha, polisi na wapishi wa kambini wanahesabiwa? Na askari hupelekwa kwa wingi palipokwisha kuharibika, kwa hiyo kulinganisha tu maeneo yenye wengi na yenye wachache kunaweza kuonyesha kwamba askari ndio wanaoleta vita.

SWALI: Shirika letu hupaka vijiji kijani, njano au nyekundu kila mwezi kwa taarifa za wawakilishi wa huko, ndipo tuamue magari yaende wapi. Tutajuaje rangi zinasema kweli?
*Afisa wa misaada, Pemba, Msumbiji*

JIBU: Mfumo wenu una babu yake. Kuanzia Januari 1967 washauri wa Kimarekani nchini Vietnam walijaza kila mwezi alama za A hadi E, na V kwa vilivyoshikwa na waasi wa Viet Cong, kwa vitongoji zaidi ya 12,000 na viashiria 18. Mwisho wa mwaka huo mfumo ulionyesha karibu asilimia 67 ya watu wako salama. Mwisho wa Januari 1968 yakaja mashambulizi makubwa ya Viet Cong na Vietnam Kaskazini yaitwayo Tet. Wengi husema mfumo ulishindwa. Sisi tunaona kosa kubwa lilikuwa kuuliza alama za vijijini swali la miji, ambako ndiko Tet ilikolenga.

Kwenu, chagueni vijiji 20, watu wawili wavipake rangi bila kushauriana. Tazameni kama rangi hubadilika mwakilishi anapobadilika. Kijiji kisichotembelewa mwezi huo kisirithi rangi ya zamani kimyakimya, kiandikwe hakikutembelewa. Tafuteni kiashiria kisichotoka kwa mtu yuleyule: nauli ya pikipiki, bei ya mahindi, kama mwalimu analala kijijini au hurudi mjini jioni.

Kipimo kikuu ni hiki: kati ya vya kijani, vingapi vilishambuliwa ndani ya siku 30? Vyekundu je? Uwiano ukikaribiana, rangi hazifanyi kazi. Ila kabla ya kuhesabu, ondoeni vijiji vilivyohamwa. Kijiji kitupu hakishambuliwi, na mkikiacha kwenye nyekundu kitawafanya muone nyekundu ni salama. Kipeni kijivu, na muandike tarehe watu walipoondoka na tarehe ya kwanza moshi wa jikoni ulipoonekana tena.