Amani Moyoni Haitoshi: Kwa Dada Anayeuliza Kama Aende au Asubiri

Bwana asifiwe, dada. Umeeleza kwamba umealikwa kuacha kazi yako ili ukatumike katika huduma iliyo mbali na nyumbani, kwamba umefunga na kuomba kwa majuma matatu, kwamba una amani kubwa moyoni, na kwamba mtumishi mmoja amekutabiria kuwa mlango huo umefunguliwa na Bwana. Ila mumeo bado anasita, na unatakiwa kutoa jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Unauliza kama kumsubiri ni kutomtii Mungu. Nitajibu kwa yale niliyoyapitia, kwa kuwa miaka tisa iliyopita nilikuwa na hoja hizo hizo ulizozitaja, na nusura nitende kosa huku nikilitaja jina la Mungu.

Mimi pia nilialikwa kwenda kutumika mbali. Nilitafuta daftari dogo, nikawa naandika humo kila nilichokiona kuwa ishara: somo la ibada, ndoto, simu iliyoita nikiwa katika maombi, hata siku niliyoifungua Biblia kwa kubahatisha nikaangukia Mwanzo sura ya 12, pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake. Zilipofika ishara kumi na moja, nilimpelekea daftari mzee mmoja wa kanisa letu, nikitarajia anibariki tu. Alivaa miwani, akasoma taratibu huku kidole chake kikifuata mistari, kisha akafunua ukurasa uliofuata, ambao haukuwa na kitu.

"Mwanangu, za kwenda nimeziona. Za kubaki umeziandika wapi?"

Nilinyamaza. Akalifunga daftari, akanirudishia, akauliza, "Na mama anaendeleaje?"

Mama alikuwa katika mwaka wa pili wa ugonjwa, na aliyemwuguza ni kaka yangu peke yake. Kaka huyo tulikuwa hatusemezani tangu siku niliyomtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yote hayo mzee aliyajua. Hakunikataza kwenda, alinisomea tu Marko sura ya 7, Yesu anapowakemea watu waliokuwa wakitangaza kitu kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wasiwajibike tena kumsaidia baba wala mama. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi, na kila mara niliichukulia kuwa habari za Mafarisayo. Siku ile niliona kwamba wito wangu mzuri ulikuwa Korbani yangu, na kwamba lile nililoliita kumtafuta Mungu kwa majuma yote yale lilikuwa kutafuta ruhusa ya kutomkabili kaka yangu.

Sisemi kwamba wito wako ni wa namna hiyo, maana sikujui. Ninachosema ni kwamba ishara ni nyepesi mno kuzikusanya pale moyo unapokuwa umekwisha kuamua, na kwamba hiyo amani unayoitegemea haiwezi peke yake kukuthibitishia jambo. Msome tena Yona, lakini usiharakishe kufika kwa samaki. Aliteremka Yafa, akakuta merikebu iendayo Tarshishi, nauli anayo, akalipa, akapanda; tufani ilipovuma na mabaharia kuanza kutupa shehena baharini, yeye alikuwa chini amelala usingizi mzito. Mlango ulikuwa wazi, fedha zilikuwepo, utulivu alikuwa nao, na muda wote huo alikuwa akimkimbia Bwana. Kisha umtazame Yesu katika Gethsemane, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba yake, anaomba kwa uchungu hata jasho lake, kama anavyoandika Luka, linakuwa kama matone ya damu. Lau angehesabu mafadhaiko yale kuwa jibu, angeondoka bustanini. Tangu nilipoziweka habari hizi mbili pamoja, nimeacha kuwaambia watu wafuate amani bila kuwauliza kwanza amani hiyo imetoka wapi.

Kuhusu unabii uliopewa, usiudharau, wala usiuache bila kuupima. Paulo aliwaagiza Wathesalonike mambo hayo mawili kwa pamoja. Daudi alipotaka kujenga hekalu, nabii Nathani alimjibu papo hapo atende yote yaliyo moyoni mwake, kwa kuwa Bwana yu pamoja naye, na usiku ule ule neno la Bwana likamjia Nathani kumrudisha kwa mfalme na jibu jingine. Nathani hakuwa nabii wa uongo. Alikuwa nabii wa kweli aliyeharakisha kusema, na ninampenda kwa sababu alirudi kusahihisha, jambo ambalo kwa watumishi wetu wengi ni adimu.

Sasa mumeo, na hapa ndipo ninapotaka utulie zaidi. Katika Matendo sura ya 16, Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho kulihubiri neno katika jimbo la Asia, wanajaribu kwenda Bithinia wanazuiwa tena, na hawaelezwi sababu mara zote mbili. Wanafika Troa bila kujua waelekee wapi. Usiku Paulo anaona maono ya mtu wa Makedonia, na aliyeyaona ni yeye peke yake. Lakini mwandishi anapoeleza uamuzi uliofuata, hasemi kwamba Paulo aliona hakika, anasema sisi tuliona hakika kwamba Mungu ametuita. Maono yalimjia mmoja, uhakika ukawa wa wote waliotakiwa kusafiri. Mumeo ni mmoja wa hao. Kusita kwake si lazima kuwe upinzani wa adui, kama mtu mmoja aliyekujibu kabla yangu alivyoandika kwa wepesi ulionisikitisha. Huenda ndiyo Bithinia yenu kwa sasa, na huenda ni hofu ya kawaida ya mtu anayewaza watoto watasoma wapi. Hutajua mpaka umwulize, nawe katika maelezo yako yote marefu hukuandika hata sentensi moja aliyoisema yeye.

Wapo watakaosema nimemnyamazisha Mungu. La. Naamini anasema, na Samweli ni ushahidi kwamba mtu anaweza kuisikia sauti yake kweli kabisa na bado akakimbilia kwa kuhani Eli mara tatu, akidhani ni yeye anayemwita.

Kwa upande wangu, nilimpigia kaka simu jioni ile ile. Mazungumzo yalikuwa mafupi na magumu. Nafasi niliyoalikwa alipewa mtu mwingine, nami nikabaki nikishika zamu za usiku kwa mama, nikigawa vidonge vyake katika kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Amani niliyokuwa nayo wakati wa daftari ilitoweka, na kwa miezi mingi sikusikia lolote. Mpaka leo sijapata ishara ya kuthibitisha kwamba nilichagua sawasawa. Mama alifariki mwaka uliofuata, na tulikuwa wawili kitandani pake.

Kwa hiyo, kuhusu mwisho wa mwezi: waandikie waliokualika uombe muda zaidi, na ueleze wazi kwamba mumeo na wewe hamjafikia uamuzi. Wakikubali, mpe mumeo barua yao aisome mwenyewe badala ya kumsimulia. Wakikujibu kwamba Bwana hasubiri, tunza jibu hilo umwonyeshe na mchungaji wako, kwa maana huduma inayokutaka uamue bila mumeo itakutaka mambo mengine ukishafika.